Vidonge viwili vya sonona, kwa macho ya fundi cherehani

Nimetumia dawa mbili za sonona. Nilianza na amitriptilini, nikahamishiwa fluoksetini, na hii ya pili naimeza mpaka leo. Watu wanachambua simu mpya, mafuta ya nywele, hata nyumba za kulala wageni, lakini vidonge hivi humezwa kimyakimya, na kila anayeanza hukutana na mambo mwilini mwake bila kujua kama ni ya dawa au ni ugonjwa umezidi. Mie ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, mama wa watoto watatu. Udaktari sikusomea. Nasema yaliyonipata mie, na wewe mwili wako una yake.

Sonona yangu haikuja na machozi. Ilikuja na miguu kuwaka moto usiku, kichwa kizito na tumbo linalochoma. Zahanati moja ya mtaani ilinipima malaria, ikanipima taifodi, ikanipa dawa za vidonda vya tumbo, na kila nikirudi napewa mfuko mwingine. Huku dukani vitambaa vya watu vinarundikana. Naketi mbele ya cherehani asubuhi, adhuhuri inaadhiniwa, sijapiga hata pindo moja. Mteja akija kudai dera lake namwambia umeme ulikatika, na cherehani yangu ni ya kukanyaga!

Aliyenishtukia ni wifi yangu, muuguzi mstaafu. Akanipeleka kliniki ya afya ya akili. Daktari akaniuliza maswali tisa, yote ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona sifai, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, na mengine mazito zaidi ambayo niliyajibu nikiangalia sakafu. La huzuni nilimkatalia kabisa. Lakini aliponiuliza kama nimepoteza hamu ya mambo niliyokuwa nayapenda, nikakaa kimya mpaka wifi akanishika bega.

Basi, amitriptilini.

Ni kidonge kidogo cha kumeza usiku. Daktari wangu ni mpenda historia, akaniambia iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1961. Rika la Uhuru wa Tanganyika! Akanisimulia pia kwamba dawa za sonona hazikutafutwa, zilijitokeza. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa iitwayo iproniazidi, wakaanza kuchangamka, kula na kucheka kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wenye hali kama yao. Miaka michache baadaye, huko Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa anajaribu imipramini kwa maradhi mengine ya akili, akaona inawainua wenye sonona. Amitriptilini ni ya ukoo huo wa imipramini. Sijui kwa nini hadithi hiyo ilinituliza. Nadhani nilipenda kusikia kwamba kuna watu wa kifua kikuu waliocheka.

Sifa yake kubwa ni usingizi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kila siku na kukodolea dari macho mpaka alfajiri. Amitriptilini ililimaliza hilo ndani ya siku chache tu, mapema kabla ya moyo wenyewe kuonyesha dalili yoyote ya nafuu. Kwa hilo peke yake naipa heshima. Asiyelala hawezi kupona chochote.

Lakini maudhi yake, jamani! Kinywa kinakauka mpaka ulimi unagonga meno. Choo kinakuwa kigumu, nikawa mteja wa kudumu wa mapapai ya jirani. Nikiinuka ghafla kutoka kwenye kiti nyumba inazunguka, na hapo nilishika meza ya kukatia mara nyingi tu. Unene nao ukaja. Njaa ya usiku ilinifanya nimalize viporo vya watoto. Haya yote daktari alikuwa amenitajia, na haki yake nampa.

Asilolitaja ni macho. Mbali naona vizuri, mpaka namba za daladala zinazopita, ila karibu kila kitu kina ukungu. Fikiria fundi asiyeona tundu la sindano. Nilidhani ni umri, nikaenda kupima miwani, mpimaji akaniuliza natumia dawa gani, nilipomtajia akaniambia nisinunue miwani kwanza. Binti ninayemfundisha ufundi ndiye aliyekuwa akinitilia uzi, na nikamkabidhi vifungo na kazi zote za mkono. Akajifunza haraka kweli, siwezi kulalamika, lakini mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kwa macho yangu. Nikimwona daktari siku hizi namwambia: kabla ya kuandika cheti, muulize mtu anafanya kazi gani. Dereva wa lori na fundi wa nguo na karani wa benki hawaudhiwi na kidonge kwa namna moja.

Halafu Ramadhani ikaingia. Daktari alisema mgonjwa ana ruhusa ya kula, na kwamba nikitaka kufunga basi dawa ibaki usiku baada ya tarawehe, na siku nikizidiwa nifungue. Nikafunga. Kinywa ambacho hata siku za kawaida kinakauka, kikafungiwa maji kutwa nzima, katika joto la Tanga, na huo ndio ulikuwa msimu wa magauni ya Idi. Ikifika alasiri siwezi kuzungumza na mteja, namwandikia bei kwenye karatasi. Siku mbili tatu nilifungua, na nikazilipa baadaye. Sikumwona mtu yeyote nyumbani akinilaumu, ingawa mama mkwe alikuwa na neno usoni.

Jambo jingine la kusema juu ya amitriptilini: ikizidi kipimo inaharibu mapigo ya moyo, na inaua. Daktari alikuwa ananipa za wiki chache tu kwa mara moja, na akataka mume wangu, Baba Salma, ndiye aziweke. Mwanzoni niliona nadhalilishwa, mtu mzima kufungiwa dawa yake kabatini. Sasa sioni hivyo. Nilivyokuwa wakati ule, na nyumbani kuna mtoto anayetia mdomoni kila anachookota, kabati lenye ufunguo lilikuwa sehemu ya dawa.

Nikiipa nyota, amitriptilini inapata tatu kati ya tano. Kwa asiyelala na asiyefanya kazi ya macho, nne.

Baada ya Idi tukahamia fluoksetini. Kuhama si kuacha hii leo na kumeza ile kesho. Daktari aliipunguza ya kwanza kidogokidogo, kwa sababu fluoksetini huipandisha amitriptilini kwenye damu zikikutana. Fluoksetini ni kapsuli, ya asubuhi. Ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Prozac, ambalo hata wasiojua dawa hulijua. Nilizopata mie hazikuandikwa Prozac. Zimeandikwa jina la dawa yenyewe, na zinafanya kazi ileile. Zote mbili, hii na amitriptilini, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana hata kwetu zinapatikana bila kuagiza kwa ndege.

Nakuonya kuhusu mwanzo wake. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa na hali mbaya kuliko kabla. Kichefuchefu, kikapungua nilipoanza kumeza baada ya uji badala ya tumbo tupu. Kichwa kuuma. Usingizi uliorudishwa na ile dawa ya kwanza ukanipokonywa nusu. Na juu ya yote, wasiwasi wa mwili: miguu haitulii chini ya meza, moyo unakwenda mbio bila sababu, mkono unatetemeka kiasi kwamba mstari wa chaki kwenye kitambaa unakuja na mawimbi. Kwa wiki hizo sikukata kitambaa cha mtu yeyote. Nilishona tu vilivyokwisha kukatwa, na foronya.

Ningekuwa sikuambiwa, ningeitupa chooni. Lakini wifi alikuwa amenikalia kikao: maudhi yanatangulia, faida inafuata, na faida inaweza kuchukua wiki nne hata sita. Mpangilio huo ni wa kikatili kidogo, ukiniuliza. Mtu aliyechoka na maisha anaambiwa avumilie zaidi kwanza. Ndiyo maana wiki hizo asiachwe peke yake. Kama ni kijana chini ya miaka 25, macho yawe mawili mawili, kwa sababu mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kwenye dawa hizi kwamba kwa vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujidhuru, hasa mwanzoni. Mteja wangu mmoja aliposikia natumia, akaniomba nimgawie vidonge vichache kwa binti yake wa sekondari "ajaribu". Nilimkatalia hapohapo, na nikampeleka kwa daktari mwenyewe.

Faida ilivyokuja sikuiona ikiingia. Hakuna asubuhi niliyoamka na furaha. Nakumbuka nilikuwa kibarazani, akanipita mama mmoja amejifunga khanga, nikajikuta nimeyasoma maandishi ya mgongoni kwake na nimecheka peke yangu. Kwa miezi na miezi khanga zilikuwa vitambaa tu, sijui zimeandikwa nini. Wiki hiyohiyo niligombana na muuza vitambaa wa Barabara ya Kumi na Mbili aliyenipimia pungufu, nikamrudisha kwenye rula mara mbili mpaka akakubali. Baba Salma alipohadithiwa akasema, "Umepona." Zamani ningechukua tu nikaondoka. Sonona ilinifanya mtu mpole sana, na watu waliusifia upole ule.

Kazi ikarudi. Si kasi ya zamani, lakini naanza kitu na ninakimaliza. Madeni ya nguo yakapungua, mpaka mteja wa dera lile la "umeme umekatika" akachukua nguo yake, akanipa maneno yake na pesa yangu.

Sasa nije kwenye bei ambayo haipo kwenye risiti.

Kwanza, machozi. Mjomba wangu alifariki mwaka huohuo, mtu aliyenilea nusu ya utoto wangu. Nikaenda msibani, nikakaa na wanawake wenzangu kwenye mikeka, huzuni naijua ipo, naiona ilipo, lakini haipandi. Jicho kavu. Na msiba wa kwetu una macho mengi. Kuna watu kazi yao ni kuhesabu nani amelia na nani hakulia. Shangazi aliniuliza siku ya hitima kama nilikuwa na ugomvi na marehemu. Nilimjibu ni dawa. Akaniangalia mtu anavyomwangalia anayemdanganya. Daktari amenieleza kwamba wengi wanalisema hilo, kwamba fluoksetini na ndugu zake hupunguza kilele cha hisia juu na chini. Kwangu naona ni biashara ninayoikubali kwa sasa, ila siipendi.

Pili, jasho. Usiku naamka shuka limelowa upande wangu tu. Tanga si mji wa kuongezewa jasho.

Tatu, na hapa mabinti wasome wakiwa peke yao, ni unyumba. Hili ndilo linalowafanya watu wengi waache dawa bila kumwambia daktari, na ndilo ambalo kliniki hatukulitaja, si yeye wala mimi. Mwanamke wa Kitanga aanze vipi kumwambia kijana wa umri wa mdogo wake jambo la chumbani? Hamu ilipungua, hilo sonona yenyewe ilikuwa imekwisha kulifanya, sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba hata hamu ilipoanza kurejea, mwisho haukufika. Nilimwendea somo yangu, yule yule aliyenifunda nilipoolewa, nikamwambia: tunatweka tanga, tunasafiri vizuri, bandari haionekani. Alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaniuliza, "Dawa gani unakunywa?" Bibi wa miaka hiyo! Kumbe amefunda wengi, na amesikia mengi.

Somo ndiye aliyenisukuma niseme. Nilimwandikia daktari kwenye karatasi nikampa aisome, na hakuonekana kushtuka hata kidogo. Akasema ni katika maudhi ya kawaida kabisa ya dawa za aina hii, kwa wanaume na wanawake, na kwamba kuna njia tatu: kusubiri kuona kama mwili utazoea, kupunguza dozi, au kubadilisha dawa. Nilichagua kusubiri, kwa sababu moyo ulikuwa umetulia na niliogopa kuuvuruga. Imekuwa afadhali kiasi, haijarudi ilivyokuwa. Baba Salma ana subira, nami namsifu hapa kwa kuwa kwa kinywa sijamwambia.

Kuna la maumivu pia. Fundi wa cherehani na mgongo ni maadui, na mie diklofenaki ilikuwa rafiki yangu wa siku nyingi, unanunua tu dukani. Ukiwa kwenye fluoksetini, dawa za maumivu za aina hiyo, diklofenaki na ibuprofeni, huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Nimehamia parasetamoli na kujinyoosha mwili, na siku nyingine navumilia. Na tramado, ambayo vijana wanaichezea mitaani, ikichanganywa na dawa hizi inaweza kumletea mtu hali ya hatari: homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mwambie mfamasia kila unachotumia, hata kile unachodhani si dawa.

Na mitishamba? Na sheikh? Mie kombe, yale maji ya aya za Kurani, nimekunywa na bado nakunywa. Sheikh wangu hajaniambia niache kidonge, na daktari hajaniambia niache kombe. Wanaonigombanisha ni majirani. Kuna aliyenitania kwamba safari yangu inayofuata ni Lutindi, ile hospitali ya milimani Korogwe iliyokuwepo tangu enzi za Wajerumani. Nikamwambia nikienda nitamletea salamu.

Upande wa pesa: amitriptilini ni rahisi sana, haikunitisha hata mara moja. Fluoksetini ni ghali kidogo zaidi, na tabu yake si bei bali kuikosa. Kuna miezi naambiwa kliniki haipo, nazunguka famasi za mjini na cheti mkononi. Duka la dawa la uchochoroni usihangaike nalo, dawa hizi si za kuuzwa pale. Nimejifunza kuitafuta ya mwezi ujao kabla ya mwezi huu kwisha. Uzuri wa fluoksetini ni kwamba hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo nikichelewa siku mbili sianguki. Si zote ziko hivyo. Binamu yangu aliyeko Muscat alipewa paroksetini, ndugu ya fluoksetini, akaiacha ghafla alipokuwa anarudi likizo, na wiki nzima alikuwa analalamika kichwa kinapigwa shoti ya umeme kila akigeuza macho. Familia ikadhani kuna jini kamfuata kutoka Oman. Aliporejeshewa dozi na kupunguziwa taratibu, jini likaondoka.

Fluoksetini naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na shuka lenye jasho na ule msiba.

Nitaimeza mpaka lini? Daktari anataka niendelee kati ya miezi 9 na 12 tangu nilipotulia, halafu ndipo tupunguze hatua kwa hatua tukiangalia. Nimemkubalia. Nimemwomba kitu kimoja tu, tusianze kupunguza karibu na Idi wala Januari ya sare za shule. Amefungua kalenda, akaandika mwezi wa sita.